Msiba wa Shughulini

Kufikia siku ya nne ya likizo, Mbaraka na familia yake walikuwa wameizunguka bustani yote ya starehe ya Nderemo. Walipanda bembea la mawinguni, wakazama katika ziwa la kioo, wakarushwa na kimbunga cha kutengenezwa mpaka Mbaraka akaomba ateremshwe kwa heshima ya umri wake. Katika hayo yote hawakutupiana neno baya. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, nao ulirudi kila tumbo lilipoanza kuunguruma: wale wapi?

Na kula ndiko kulikowaleta watu Nderemo. Mabembea yapo kila mahali siku hizi. Lakini pale juu ya milima ya Usambara, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya chai, palikuwa na mikahawa mingi kuliko siku za likizo ya mtu yeyote, na kila mkahawa ulikuwa na jiko la mpishi mmoja aliyepata kuishi kweli duniani. Mikono ya chuma ilipika kama alivyopika yeye. Ukitaka samaki wa Kigoma kama walivyokaangwa kabla babu yako hajaoa, unakwenda, unakaa, unakula.

Sharti lilikuwa moja. Familia haipewi meza mpaka wote wakubaliane. Kila mgeni alivaa bangili iliyosoma mate yake, tumbo lake na mapigo ya moyo wake, na bangili hiyo haikuwa na adabu hata kidogo. Ilitangaza matamanio ya mtu mbele za watu, bila kumung'unya maneno.

"Lulua anatamani mkahawa wa Shughulini," zilisema bangili kwa pamoja, asubuhi hiyo ya nne, walipokuwa wamesimama kwenye njia panda ya mikahawa. "Mbaraka anatamani Shughulini. Tunu anatamani Shughulini kuliko wote. Tunu amekataa Shughulini."

Watu waliokuwa nyuma yao wakacheka. Lulua, msichana wa miaka kumi na sita asiyejua kuficha njaa wala hasira, alimtazama mama yake kama hakimu anavyomtazama mshtakiwa aliyekamatwa na kuku kwapani.

"Mama Lulua," alisema Mbaraka kwa upole wa mtu aliyechoka, "una nini na mahali pale? Mwili wako wenyewe unapataka."

Tunu alijibu kwamba pilau humletea kiungulia. Ulikuwa uongo mtupu, na bangili yake ikalia kidogo kumsuta. Akaivutia ndani ya mkono wa baibui. Alitaka kuing'oa na kuitupa kwenye ziwa la kioo, lakini zaidi ya hapo alitaka kuung'oa ulimi wake mwenyewe, uliokuwa ukijaa mate kila upepo ulipoileta harufu ya bizari na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya asali. Aliijua harufu ile. Alikuwa amelala juu yake utotoni, mgongoni mwa mama yake.

Jiko la Shughulini lilikuwa la mama yake. Hapakuwa na mgeni mwingine Nderemo aliyelijua hilo, kwani kwenye bango palichorwa sufuria tu, bila jina la mtu. Hata Mbaraka hakujua. Alimkuta mkwewe ameshakuwa mwanamke mkimya anayekula kwa kukumbushwa, akaambiwa ni maradhi, akaamini, kwa sababu Mbaraka ni mtu wa kuamini.

Hayakuwa maradhi. Bi Mashavu wa Muheza alikuwa mpishi wa shughuli, na hapakufungwa ndoa ya maana toka Korogwe hadi Pangani bila watu kuuliza kwanza kama Bi Mashavu ana nafasi. Kisha akaja kijana mmoja, Injinia Salvatory Mbena, mwenye maneno laini na mashine inayovaliwa kichwani kama kofia ya saluni. Alimwita mama ingawa walikaribiana umri. Alimwomba apike akiwa ameivaa, siku chache tu, naye akamwapia kwamba atarudi nyumbani kama alivyokuja. Mashine za siku hizi hunakili. Zile za kwanza zilikuwa zinang'oa. Bi Mashavu alirudi Muheza ulimi wake ukiwa kama kipande cha ngozi ya kiatu, na pua yake haikujua tofauti ya karafuu na kinyesi cha mbuzi. Shughuli yake ya kwanza baada ya hapo, wakwe walitema wali mkekani kwa chumvi, na mwanamke mmoja akauliza kwa sauti kama mpishi amekunywa. Bi Mashavu hakuwapikia watu tena. Alikonda mbele ya sahani zilizojaa mpaka akafa, na siku ya kumzika Tunu alikula yamini kwamba atamliza Mbena kabla hajafa na yeye.

Na huyo Mbena sasa alikuwa mwenye Nderemo. Kila siku alipita katikati ya meza za wageni akiwa amevaa suti ya kitani, akichota kidogo hapa na kidogo pale, akifumba macho, akiramba vidole. Ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Hilo ndilo lililomkata Tunu maini kuliko yote. Alikuwa amekuja na maneno ya kumwaibisha hadharani, amejikusanyia kwa miaka, lakini alipowaona wageni wale na vinywa vyao vilivyojaa, alijua kwamba maneno yake yatazama kwenye kelele za vijiko. Na siku zilikuwa zinamwishia. Tangazo lililopita angani kila saa lilisema kwamba Ijumaa Injinia Mbena atawakaribisha Shughulini wageni kutoka ng'ambo, na baada ya hapo jiko lile litapelekwa katika miji mia moja duniani. Leo ilikuwa Alhamisi. Jiko moja mtu anaweza kuliwazia la kulifanya. Majiko mia huwezi hata kuyatembelea.

Wakaishia kula kwa Mzee Ntibonera, kwa shingo upande.

*

Mzee Ntibonera alikuwa amekufa zamani, lakini migebuka yake ilikuwa hai kwenye mafuta, na mikono yake ya chuma iliigeuza kwa mapozi, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Meza zilizunguka jiko. Lulua alianza kusahau hasira zake. Mezani pa pili, bwana mmoja mnene mwenye kofia ya likizo aliinua kidole akawa anahesabu samaki waliokuwa kwenye kikaango, kwa sauti, aone kama watamtosha.

Hakumaliza. Moto ulizimika. Mikono ya chuma ilijikunja kifuani, pale ambapo kifua kingekuwa, na sauti ya kizee ikasema kwa lafudhi ya Kigoma kwamba samaki wake hawahesabiwi, kwamba ziwa linasikia, na kwamba hapiki tena mpaka aliyehesabu aombe radhi. Watu wakacheka sana. Yule bwana naye alicheka, kisha akaona hacheki mtu wa jikoni, na njaa inauma, na foleni nyuma yake imeanza kumtazama vibaya. Akavua kofia, akaomba radhi kwa chuma. Moto ukawaka.

Tunu hakuwa amecheka. Alimwita binti aliyehudumu pale, msichana mwenye aproni ya bluu, akamuuliza kwa nini hawakuiondoa tabia hiyo ya kijinga, maana inawasumbua wateja.

Binti alieleza kwa furaha, kama mtu aliyefundishwa somo na akalipenda. Mwanzo walinakili mapishi peke yake, alisema: kiasi cha chumvi, moto kiasi gani, kwa muda gani. Chakula kilitoka sawasawa na hakikuwa na kosa lolote, ila watu walikula mara moja wakaenda zao. Ndipo Injinia alipogundua kwamba ladha ya mpishi haikai kwenye vipimo. Inakaa kwenye mazoea yake yote yakishikana: anavyonuna, anavyoimba, anachokiogopa, anachokikataa, anayemkumbuka anapokata kitunguu. Ukipunguza kimoja, chakula kinapooza. Walijaribu kumwondolea Mzee Ntibonera mambo yake ya samaki, na samaki wakawa kama karatasi za maboksi. Wakamrudishia haraka.

"Kwa hiyo tumewachukua wote walivyo," alisema binti. "Na mila zao. Hatugusi kitu."

"Nao wanajua kwamba ni nakala?"

"Hapana, mama. Kwao ni siku ileile waliyonakiliwa. Kila asubuhi ndiyo hiyohiyo, ila habari nzito wakiipata haiwatoki tena, wala hatuna nakala ya akiba ya kuwarudisha walivyokuwa."

Tunu alikiacha kipande cha mgebuka mezani. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, na bangili ikaanza kuuliza kama anataka daktari.

Alikumbuka siku baba yake alipokufa. Alikuwa na miaka minane. Bi Mashavu alikuwa katikati ya kupika harusi ya watu, masufuria manne yakiwa motoni, wageni wameshakaa mikekani. Habari zilipofika hakulia kwanza. Aliyateremsha masufuria moja baada ya jingine, akazima moto kwa mkono wake, akakaa chini. Mwenye harusi alimsihi amalize japo moja, na Bi Mashavu alimtazama kana kwamba amesikia matusi. Mfiwa hapiki. Jiko lake hulala baridi, majirani ndio wanaompikia, na siku ya kuanua matanga ni jirani, siyo yeye, anayekuja kumwashia moto tena. Bi Mashavu angepika akiwa na homa, angepika mvua ikimnyeshea kichwani, lakini akifiwa hapiki mpaka jirani amwashie. Hayo alikuwa ameyashika kama anavyoshika sala.

Na mtaa wao wa Muheza haukuwepo tena. Ulikuwa umevunjwa ukawa kiwanda cha machungwa, majirani wote wametawanyika au wamezikwa. Bi Mashavu akifiwa leo, jiko la Shughulini lingezimika, na hapangetokea wa kuliwasha hadi kiama.

Tunu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wafike. Tabasamu lenyewe halikudumu. Afiwe na nani? Mume alikuwa amekwisha kufa kabla ya mashine ya Mbena. Wazazi walitangulia zamani. Ndugu hakuwa nao. Katika siku ile ambayo jiko lile liliishi kila asubuhi, Bi Mashavu alikuwa na mtu mmoja tu duniani, mtoto wa kike wa miaka kumi, jina lake Tunu.

Mchana kutwa alibishana na nafsi yake, huku Lulua na baba yake wakirushwa huku na huku kwenye mabembea. Alijiambia kwamba kile ni chuma na mwizi ndiye aliyekitengeneza, huwezi kukifisha moyo kitu kisicho na moyo. Kisha alijiuliza: kama hakina moyo, kitaachaje kupika kwa habari ya mtoto? Silaha yake ilikuwa na makali kwa sababu ileile iliyofanya iwe dhambi. Alilizungusha hilo kichwani mpaka kichwa kikamuuma, na kila lilipokaribia kumshinda alimwona Mbena, suti ya kitani, kidole mdomoni.

Jua lilipoanza kushuka aliwaambia watu wake kwamba kesho watakula Shughulini. Lulua alimrukia shingoni kwa furaha. Bangili haikulia, maana safari hii alisema kweli.

*

Ijumaa, baada ya swala, Shughulini palifurika. Mikeka ilitandikwa, masinia yalipangwa, na kina mama wa kukodiwa walipiga vigelegele kila familia ilipoingia. Mbena alikuwa amehifadhi desturi moja kwa sababu wageni waliipenda: mwanamke wa kila familia hubeba sinia la mchele hadi jikoni, akamkabidhi mpishi kwa mkono wake, kama mwenye shughuli. Tunu alijifunga leso, akachukua sinia, akawaacha Mbaraka na Lulua mkekani wakiwa hawana habari wala wasiwasi.

Jiko lilikuwa pana na lenye moshi wa kweli. Mikono sita ya chuma, myeusi kwa masizi, ilikuwa ikizunguka masufuria makubwa, na juu yake paliwekwa jicho moja la kioo na matundu ya kunusia. Tunu alikuwa amejiandaa kuiona mikono. Hakuwa amejiandaa kwa sauti.

"Karibu dada. Mchele wenu umechambuliwa, au mmeniletea na mawe niwavunje watu meno?"

Ilikuwa sauti ya Bi Mashavu kabla hajanyamaza, yenye kicheko kilichojificha chini. Ilikuwa sauti ya mwanamke mdogo kwake kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa amemwita dada.

Alisema umechambuliwa. Mkono mmoja ulilipokea sinia, ukazipitisha punje katikati ya vidole, ukaridhika. Tunu alitafuta mahali pa kuegemea, akaweka mkono karibu na bakuli la bati lililofunikwa kawa ukingoni mwa meza.

"Hilo usiguse, dada, la mwanangu. Anatoka shule saa nane, na asipokuta ukoko wake hapa tutagombana yeye na mimi mpaka kesho."

Binti mwingine wa aproni ya bluu, aliyekuwa akifagia, alimnong'oneza Tunu kwamba ndivyo lilivyo jiko hili, kila siku linaweka ukoko wa kwanza pembeni, na jioni wanaumwaga. Ukiuondoa mapema linasimama na kuanza kuuliza. Tunu alitikisa kichwa. Miaka yote hiyo, kila saa nane, alisubiriwa hapa na hakuja.

Angeweza kutoka wakati huo. Ukweli ni kwamba aligeuka, akapiga hatua kuelekea mlangoni, na kisasi chake chote kilikuwa kimelegea kama uzi. Lakini mlango ulifunguliwa kutoka nje, na aliyeingia ni Mbena mwenyewe, na nyuma yake wageni wake wa ng'ambo, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mashine ndogo za kufasiri zikiwa zimening'inia masikioni.

Mbena hakumtambua. Alimpita kama mtu anavyolipita kabati. Aliwaonyesha wageni masufuria, akawaonyesha mikono, kisha akaliinua lile kawa akawaonyesha bakuli.

"Hili ndilo linalouza," aliwanong'oneza akicheka, jiko lisisikie. "Anamsubiri mtoto. Kila siku anamsubiri. Tungeweza kumtuliza, lakini angalieni, hamu hii ndiyo mnayoionja kwenye pilau. Mtoto akifika, ladha imekwisha. Kwa hiyo hatafika." Kisha, jicho la kioo likiwa limegeukia masufuria, akavunja kipande cha ukoko, akakitia kinywani, akafumba macho.

Damu ilimpanda Tunu kichwani. Huruma iliyokuwa imeanza kumlainisha iligeuka yote, ikawa kitu kigumu. Aliirudia nafasi yake mbele ya jicho la kioo.

"Bi Mashavu," alisema. "Nimetumwa kutoka Muheza."

Mbena alifumbua macho. Jina lile halikuwa limetamkwa katika jiko lile tangu lijengwe.

"Muheza?" ilisema sauti. "Kuna nini Muheza?"

"Nina habari mbaya. Kaa chini kwanza."

"Siwezi kukaa, nina masufuria. Sema, dada."

"Ni Tunu," akasema Tunu. "Amegongwa na lori akienda shule. Hakuwahi hospitali."

Mikono sita ilisimama palepale ilipokuwa. Kijiko kimoja kilidondosha mchuzi motoni, ukaungua. Kisha, bila haraka, ile mikono ikaanza kuteremsha masufuria. La kwanza, la pili, la tatu. Iliyafunika. Ikafukia moto kwa majivu, kona moja hadi nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Huko nje vigelegele viliendelea, kwani hakuna aliyejua.

Mbena alikuwa ameshaelewa. Hilo lazima tumpe, alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alimtazama Tunu usoni, akayaona mashavu, akaona paji la uso, na rangi ikamtoka.

"Mpishi!" alisema. "Mpishi, usimsikilize. Huyu anadanganya. Mwanao hajafa, mwanao ndiye huyu hapa. Mtazame. Amekua tu."

Jicho la kioo liligeuka. "Mwanangu ana miaka kumi, bwana," ilisema sauti, na ilikuwa na adabu bado. "Huyu ni mtu mzima. Ananizidi mimi."

"Mwambie!" Mbena alimshika Tunu bega, akamnong'oneza kwa kasi, pumzi yake ikinuka bizari ya mama yake. Alisema aseme neno moja tu. Alisema milango ya jiko itakuwa yake, atakuja kila siku, atakaa na mama yake, atasemeshwa, ataitwa jina lake. Alisema yeye ana mashine ya kuendelezea kumbukumbu, wanaweza kumfundisha mpishi taratibu kwamba miaka imepita. "Nitakurudishia mama yako," alisema. "Nani mwingine anaweza kukupa hilo?"

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Dada," ilisema sauti. Mikono miwili ilikuwa imenyanyuka kidogo kutoka kwenye majivu, viganja juu. "Wewe ndiwe Tunu?"

Wageni wa ng'ambo walikuwa wamesogea karibu, mwanamke amejiziba mdomo. Tunu aliwatazama na akajua yote yatakayofuata iwapo atasema ndiyo. Mbena angelia machozi ya furaha mbele yao. Angewauzia na hilo pia: mama na mwana, wamekutana mbele ya chungu, na kesho kwenye bango pangechorwa sura zao. Majiko mia moja yangefunguliwa katika miji mia moja, na katika kila moja Bi Mashavu angeamka asubuhi ileile, akaweka ukoko pembeni, akamsubiri mtoto. Hapa angekuwa na mama mmoja. Kule wangekuwa mia moja, na hakuna ambaye angefika kwao saa nane.

"Hapana," alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha."

Mikono ilishuka. Ilishuka kabisa safari hii, ikalala juu ya majivu, na masufuria yakawa yanalia kidogo kwa kupoa. Tunu alijikaza. Alikuwa amejiandalia majibu: wapi amezikwa, nani amesimamia, sanda imetoka wapi. Alisubiri swali lolote kati ya hayo.

"Alikuwa amekula?" iliuliza sauti.

Hakuwa amejiandaa kwa hilo.

"Alikuwa ameshiba," akasema.

"Nani alimpa chakula? Asubuhi nilitoka hajaamka."

"Ni chako. Alikula ulichompikia wewe."

"Alhamdulillahi," ilisema sauti, na taa iliyokuwa juu ya jicho la kioo ikafifia, ikabaki ndogo.

Wageni wa ng'ambo ndio waliotoka kwanza. Mwanamke alimwambia Mbena maneno machache kwa lugha yake, na mashine ya kufasiri, isiyojua kutafuna maneno, ikasema kwamba hawatanunua kilio. Huko kwenye mikeka vigelegele vilikuwa vimekatika, watu wameanza kugonga masinia na kuuliza chakula kiko wapi. Binti wa aproni alikuwa amekaa kona moja akilia, ufagio mkononi. Mbena alibonyeza hiki, akabonyeza kile, akaita mafundi wake, nao wakamwambia kwa simu alichokuwa akikijua: wakilazimisha moto, pilau itatoka ikiwa majimaji yasiyo na ladha, hapa na katika kila nakala watakayoitoa humu.

"Ataanza lini tena?" Mbena alimuuliza Tunu.

"Majirani zake wa Muheza watakapokuja kuanua matanga," alisema Tunu. "Wasubiri. Wewe unajua kusubirisha watu."

Mbena alikaa juu ya gunia la mchele. Alijaribu kulikaza taya lake, likamshinda, na machozi yakamtoka, makubwa, yakaanguka kwenye ile suti ya kitani. Tunu alisimama akamtazama mpaka aliposhiba. Watu husema kisasi hakina utamu. Wangekuwa pale. Kilikuwa kitamu, kilimshuka moyoni kama maji ya baridi, na hakuona haya hata chembe. Alimtazama mwenye ulimi mzima akilia, akamkumbuka mwanamke aliyekonda mbele ya sahani zilizojaa, na akasema moyoni kwamba sasa wamelingana.

Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaelekea mlangoni. Mbaraka na Lulua walikuwa nje wanamsubiri, na ingebidi kuwaeleza mengi, na kuanzia wapi hakujua.

"Dada," ilisema sauti nyuma yake, chini kabisa. "Umeondoka?"

Tunu alisimama na mkono kwenye kitasa.

"Bado nipo."

"Kaa na mimi kidogo. Mpaka waje watu. Sina mtu mwingine."

Hakuna watu waliokuwa wanakuja. Tunu alilijua hilo kuliko yeyote, yeye ndiye aliyelifanya liwe hivyo. Alirudi, akajitanda ile leso kichwani, akakaa sakafuni na kunyoosha miguu, kama wanawake wanavyokaa kwenye nyumba ya msiba. Alinyoosha mkono akaushika ule wa chuma uliokuwa karibu, wenye masizi na joto la moto uliozimwa, akampa mama yake pole kwa kufiwa na Tunu.